Bomba la Bati Kutoka Kisongo

Mama mkwe wangu alikuja kwetu Levolosi, hapa Arusha mjini, Jumamosi moja asubuhi akiwa amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwenye shuka jekundu. Nilidhani ni kibuyu cha maziwa, maana tangu niolewe hajawahi kuja mikono mitupu. Alikiweka kwenye meza ya uani, akakaa, akaomba chai kwanza.

Yeye ni Mwarusha wa Kisongo, na mume wangu ni kitindamimba wake. Mimi ni Mchaga. Wazazi wangu walihamia mjini kufanya biashara ya nguo nikiwa mdogo. Yeye amekulia Kiarusha, mimi Kichaga, kwa hiyo Kiswahili chetu ni cha kukutana katikati, na kwa miaka mingi kilitutosha kwa salamu, habari za ng'ombe na habari za watoto.

"Fungua," akaniambia.

Nikafungua. Lilikuwa bomba la bati, pana kama ndoo ndogo, wazi juu na chini, lina matundu kuzunguka sehemu ya chini, wavu wa waya ndani, na mpini wa mbao ubavuni.

"Ni la kuwashia mkaa," akasema. "Hili halitaki mafuta."

Nikalirudisha mezani na kujifuta mikono kama niliyeshika kitu kichafu.

Miaka michache kabla ya hapo tulikuwa na sherehe ndogo ya ubatizo nyumbani. Mkaa ulikuwa na unyevu, ukagoma kuwaka. Mgeni mmoja, mtu mwema aliyetaka kusaidia tu, alichukua petroli ya pikipiki yake akaimimina kwenye jiko lililoonekana limezimika. Mimi nilikuwa nimeinama upande wa pili nikipanga nyama kwenye sinia. Sauti siikumbuki. Nakumbuka mkono wa gauni langu ukiwaka, na mume wangu akiniangusha chini na kunifunika kwa zulia. Nililazwa muda mrefu. Ngozi ya mkono wa kulia, kuanzia kiwiko hadi begani, haikurudi kuwa ile ya zamani.

Mama yangu mzazi alikuwa ameshafariki. Aliyekuja wodini kila siku na chupa ya uji alikuwa mama mkwe. Hakuwa msemaji. Alikaa, akanilisha kwa kijiko kama mtoto, akajitanda shuka lake, akaondoka.

Mkono ulipona, hofu ikabaki. Tulinunua jiko la gesi, na hata hilo aliliwasha mume wangu au binti yetu. Levolosi jioni ni kama kila ua una jiko la mkaa, na harufu ilipoanza kupita mimi nilifunga madirisha. Hakuna aliyenilaumu. Walizoea tu, nami nikazoea.

Kwa hiyo siku ile nilimwambia, "Yeyo," kwa jina analoitwa na mume wangu, maana yake mama, "moto wa mkaa nimeachana nao."

"Najua. Sijakuambia uwashe. Mimi ndiye ninayetaka kuwasha."

Akanieleza kwamba bomba la namna hiyo aliliona kwa mtoto wa dada yake, mpishi kwenye kambi ya watalii. Alikwenda kwa fundi bati wa kule kwao, akamwelekeza kwa mikono. La kwanza fundi alitoboa matundu juu, likakataa kuvuta hewa. Hili lilikuwa la pili.

Alikunja gazeti akalisokomeza chini ya wavu, akajaza mkaa juu yake, akalisimamisha bomba kwenye matofali mbali na ukuta. Kisha akapitisha njiti ya kiberiti kwenye tundu la chini. Ukapanda moshi mweupe mzito. Hakupepea wala hakupuliza. Alirudi kwenye kigoda chake, akaendelea na chai.

"Unaona?" akasema. "Mimi nimekaa huku. Moto uko kule."

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni. Moshi ulipungua, ukaanza mngurumo mdogo wa hewa ikivutwa kutoka chini, na mkaa wa juu ukaota majivu pembeni. Alishika mpini kwa kitambaa akayamimina makaa kwenye jiko. Cheche ziliruka, nikakimbilia ndani. Hakunicheka, wala hakuniita. Nilipotoka nilimkuta akichoma ndizi. Yeye mwenyewe si mpenzi wa ndizi, ila alijua mimi nazipenda.

Alirudi Jumamosi nyingine, na nyingine tena. Nikaanza kumkunjia gazeti. Baadaye nikawa namjazia mkaa bomba likiwa bado la baridi, kisha narudi mlangoni. Tukingoja moto ukolee tuliongea, na hapo ndipo nilipomfahamu. Aliniambia jinsi alivyomlea mume wangu akiwa mgonjwa mgonjwa, na jinsi alivyolia kimyakimya aliposikia kijana wake anaoa Mchaga, akiamini nitamhamishia Moshi.

Siku moja nikamuuliza, "Yeyo, kwa nini unahangaika hivi, na gesi ipo?"

Aliweka kikombe chini.

"Pale hospitali ulikuwa unalala umeshika shuka langu," akasema. "Ukisinzia nakutoa vidole kimoja kimoja ili niende kwenye gari. Nikasema, huyu hana mama wa kumshika. Sasa mwanamke akiogopa moto wa kwake, anakuwa mgeni ndani ya nyumba yake. Mimi sitaki uwe mgeni."

Nilimwongezea chai.

Binti yetu alipopata kipaimara, ulikuwa msimu wa baridi. Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu tangu alfajiri na manyunyu hayakukatika. Mbuzi walichinjwa Kisongo, nyama ikaletwa kwetu, na wanaume wakawa wanaikata chini ya turubai. Shemeji yangu akauliza nani anawasha mkaa.

"Mimi," nikasema.

Mume wangu aliweka kisu chini. Mama mkwe alinyanyuka. Alinijia, akanikunja mikono ya gauni mpaka kovu likaonekana, akaifunga kwa vipande vya kitenge ili isishuke, akavikagua mafundo.

"Nenda."

Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili ilishika gazeti. Safari hii sikurudi mlangoni. Nilisimama pale pale nikiuangalia moshi unavyobadilika. Wakati wa kumimina ulipofika nilimsikia nyuma yangu akisema, "Usisimame upepo unakoelekea. Taratibu." Cheche ziliruka, nami nikabaki na mpini mkononi hadi kaa la mwisho likadondoka kwenye jiko. Kisha nikakaa juu ya kreti ya soda. Wanaume wakaanza kuongea kwa sauti kubwa habari za mpira, ili nisijione natazamwa. Hata hilo niliwashukuru moyoni.

Baadaye niliandika jina kanisani kwa ajili ya shukrani ya pekee. Mchungaji aliponiita, nilimshika mama mkwe mkono tukasogea pamoja mbele, yeye akiwa hajui kinachoendelea. Niliulizwa namshukuru Mungu kwa lipi.

"Kwa huyu mama," nikasema. "Alinilisha nikiwa siwezi kula, na amenirudisha jikoni kwangu."

Kwaya ikaimba, watu wakaja kutushika mikono, na mama mkwe akatazama chini muda wote.

Tulipotoka nje alinivuta pembeni.

"Ungeniambia mapema," akasema, "ningevaa viatu vizuri."

Nikamwambia viatu vyake vilikuwa vizuri. Akavitazama, akatikisa kichwa, akanishika mkono, tukatembea taratibu kwenda nyumbani kunywa chai.