Mtoto Niliyempoteza Kwenye Karatasi

Jumatatu ya kwanza ya Julai 1955 nilianza kazi ya ukarani mjini Nakuru, na kufikia Alhamisi ya wiki hiyo hiyo nilikuwa nimempoteza mtoto. Hakufa wala hakuibwa. Alipotea kwenye karatasi niliyoijaza kwa mkono wangu, na kwa siku moja nzima serikali haikumtambua, ingawa alikuwa mnono na alilia kwa nguvu.

Naandika haya kwa sababu mjukuu wangu alinyimwa viza mwezi uliopita, akaja kwangu amenuna. Aliniuliza, "Guka," yaani babu, "na wewe uliwahi kunyimwa?" Nikamjibu kwamba mimi nilikuwa upande wa pili wa dirisha. Hakucheka. Nikaona afadhali nimwandikie yeye na wenzake jinsi kazi ile ilivyokuwa.

Miaka ile serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru aliyetaka kutoka Bonde la Ufa kwenda upande wa Limuru au Nyeri hakuweza kupanda basi tu akaenda. Alihitaji vitu viwili: pasi, yaani kitabu chenye picha yake na alama za vidole, na kibali cha safari, yaani karatasi ya kusema anakwenda wapi, kwa sababu gani, na nani, na atarudi lini. Ilikuwa viza ya kwenda kumwamkia shangazi yako. Mimi ni Mmaragoli niliyezaliwa kwenye shamba la mzungu huko Rongai, baba yangu akiendesha ng'ombe wa plau, kwa hiyo sheria ile haikunigusa. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la sita na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Ndiyo sababu walinichukua.

Mkubwa wangu alikuwa Karani Mkuu, Mgoa mwembamba aliyevaa tai hata wakati wa joto. Asubuhi ya kwanza alinikalisha mbele ya dirisha, akaniwekea kalamu, kidau cha wino na kitabu cha vibali.

"Bwana mdogo," akasema, "hapa hatuandiki huruma, tunaandika majibu. Majibu ni matatu. Ndiyo. Hapana. Na rudi Jumatatu."

"Na kama leo ni Jumatatu, bwana?"

"Jumatatu nyingine."

Akanionyesha kitabu. Kila kibali kilikuwa na kishina, yaani kipande kinachobaki kitabuni ukishakata karatasi, ili ulichompa mtu kisipishane na kilichobaki ofisini. Ukikosea huruhusiwi kukwangua wala kuandika juu yake. Unaandika kipya, na kipya kinatiwa sahihi na Bwana Ofisa, mzungu aliyekaa chumba cha ndani, ambaye mara nyingi hakuwa chumba cha ndani.

Jumatano akaja Cucu Wairimu. Wakikuyu humwita bibi cucu, na ofisi nzima ilimwita hivyo. Alikaa shamba moja karibu na Rongai, si mbali na kwetu. Binti yake mmoja alikuwa anaolewa kanisani upande wa Limuru Jumamosi ile, naye alitaka kwenda kumpa baraka ya mama. Alikuwa amenyimwa mara mbili. Mara ya kwanza waliandika "Sababu haitoshi." Mara ya pili barua ya mchungaji haikuwa na muhuri wa chifu. Mara hii muhuri ulikuwepo, mkubwa kama sahani, na Bwana Ofisa akakubali. Iliyobaki ilikuwa kazi yangu: kujaza majina na hesabu ya wasafiri.

Alikuja na binti yake mdogo, Wambui, msichana wa miaka kama kumi na tisa mwenye pasi yake mwenyewe. Tena walikuwepo wajukuu. Baba yao, mtoto wa kwanza wa Cucu, alikuwa amefungwa kambini, kizuizini, mama yao alikuwa amefariki, na hapakuwa na mtu wa kuachiwa wao. Watoto hawakuandikwa majina, idadi tu.

"Mama," nikauliza, "watoto ni wangapi?"

"Ni wale Mungu alinipa."

"Alikupa wangapi?"

"Si umuulize yeye."

Watu kwenye foleni wakacheka. Mimi nilikuwa na siku tatu tu kazini, masikio yakawaka moto. Wambui akainama dirishani.

"Karani, kwetu mtu hahesabiwi. Ukihesabu mtoto unamwitia mabaya. Andika tu wanakwenda."

"Karatasi inataka hesabu, dada."

"Basi hesabu wewe. Macho ni yako na dhambi ni yako."

Nikachungulia. Kulikuwa na manyunyu na baridi ile ya Julai inayoingia kwenye mifupa, na kila mtu alikuwa amejifunika. Watoto walikuwa wanakimbizana kuzunguka bomba la maji. Nikahesabu mara moja, nikahesabu tena, nikaandika kwa maneno kama nilivyofundishwa: *Mama mmoja, binti mmoja, watoto sita.* Bwana Ofisa akatia sahihi, nikakata karatasi, nikajiona karani kamili.

Alhamisi walipanda basi. Ijumaa asubuhi, saa mbili, nilifungua dirisha nikamkuta Cucu amesimama mbele ya foleni yote.

"Karani, rudisha mtoto wangu."

"Mtoto gani, mama?"

Wambui, aliyekuwa nyuma yake, akageuka akanipa mgongo, akashusha shali. Kikatokea kichwa cha mtoto wa miezi minane hivi, anatafuna pindo la kitambaa na kunitazama bila kinyongo.

"Huyu," Wambui akasema. "Anaitwa Kariuki, mtoto wa mwisho wa kaka yangu. Sajenti wa kizuizi cha barabarani amesema karatasi ina watoto sita na yeye anaona saba. Anasema huyu hana serikali. Ametugeuza wote."

Harusi ilikuwa kesho yake.

Nilimkimbilia Karani Mkuu na kibali chao mkononi. Akasoma kishina, akavua miwani.

"Bwana Ofisa amekwenda Molo. Warudi Jumatatu."

"Harusi ni kesho, bwana."

"Basi warudi Jumatatu na keki."

Nilibaki nimesimama pale. Labda uso wangu ulimhurumisha, maana alishusha sauti. "Baada ya neno 'sita' pana nafasi," akasema. "Kalamu ni ile ile, wino ni ule ule, mwandiko ni wako. Mimi natoka kwenda kunywa chai." Akatoka kweli.

Nilichovya kalamu. Maneno mawili tu, *na mmoja*, yangetosha. Lakini kishina kilikuwa kinanitazama, nacho kilisema sita. Kama mtu angelinganisha, asingefungwa karani. Angefungwa mwenye karatasi. Mwanamke ambaye mwanawe yuko kizuizini, akamatwe na kibali kilichoongezwa maneno! Nikairudisha kalamu kwenye kidau. Nikachukua karatasi tupu nikaandika barua, ambayo naikumbuka mpaka leo kwa sababu ilikuwa fupi:

*Kwa Sajenti wa Kizuizi. Mimi karani nilihesabu vibaya. Mtoto wa saba alikuwa mgongoni na mimi nilitazama miguu. Mama hana kosa. Kosa ni langu.*

Karani Mkuu aliporudi alinikuta nimevaa koti.

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye kizuizi cha barabarani, bwana. Kuipeleka mwenyewe."

"Ukitoka kwenye mlango huo bila ruhusa, kesho usinitafute."

"Kesho ni Jumamosi, bwana. Ni nusu siku."

Sijui nilipata wapi ulimi ule. Akakaa mwenyewe mbele ya dirisha langu, akaita, "Anayefuata!"

Kizuizi kilikuwa juu ya Naivasha, pale barabara inapoacha bonde na kuanza kupanda. Palikuwa na boriti ndefu iliyopakwa nyeupe na nyekundu, kibanda cha mabati, na askari wachache wenye makoti mazito. Tulishuka kwenye basi, mimi, Cucu, Wambui na watoto wote, kama saa saba mchana. Njia nzima Wambui hakuniongelesha. Alinipa Kariuki nimshike tulipofika Gilgil, akasema, "Mshike vizuri, usimpoteze tena," basi.

Sajenti alikuwa mtu wa Baringo, mrefu, mwenye masikio yaliyotobolewa. Alisoma barua yangu mara mbili.

"Karani amekubali kosa," akawaambia askari wake. "Njooni muone. Hii ni mara ya kwanza." Akanigeukia. "Wewe ulihesabu na nini?"

"Na macho, afande."

"Uliyaacha wapi?"

Askari wakacheka. Lakini kicheko kilipoisha, uso wake ukarudi kuwa wa kazi. "Barua yako ni nzuri. Lakini kibali kinasema sita. Nitajuaje kesho hutaniletea kumi na barua nyingine?" Akamtazama Cucu. "Mama, sema mwenyewe. Una watoto wangapi?"

Cucu akafunga mdomo.

"Mama, nataka kukusaidia. Sema hesabu tu."

Dereva wa basi alipiga honi. Nikaona harusi inaondoka bila mama. Ndipo Cucu akauliza, taratibu, kama mtu anayeomba moto kwa jirani:

"Afande, kwenu mna ng'ombe?"

"Tunao."

"Ni wangapi?"

Askari mmoja akageuka upande akajifanya anakohoa.

"Ng'ombe wa baba yangu hawahesabiwi," Sajenti akasema hatimaye.

"Sasa mnajuaje mmoja amepotea?"

"Jioni nasimama kwenye mlango wa boma. Wakiingia, najua ni nani hajaingia."

"Na mimi ni hivyo hivyo," Cucu akasema.

Sajenti akaamuru boriti iinuliwe kidogo, akasimama kando yake kama mtu anayesimama mlangoni mwa boma. "Taja majina," akasema. "Kila mtu akisikia lake apite chini hapa."

Cucu akaita. Njoroge akapita ameinama bila sababu, maana alikuwa mfupi. Wangari akapita. Kamau akapita akarudi, akaambiwa apite tena. Nyambura, Mwangi, Wanjiku. Mwishoni akaita, "Kariuki!" na Wambui akapita naye mgongoni, na yule mtoto, Mungu ni shahidi, akapiga kelele moja kubwa.

"Ameitika," Sajenti akasema.

Kanuni ilimruhusu kuandika maelezo nyuma ya kibali. Akaandika kwa penseli: *Nimewaita kwa majina. Wote wameitika.* Akatia sahihi. Barua yangu akaikunja akaiweka mfukoni, akisema akiulizwa atakuwa na mtu wa kumpa lawama. Basi likapanda mlima. Mimi nikabaki barabarani nikitafuta lori la kunirudisha.

Jumatatu Bwana Ofisa aliniita.

"Nasikia unapenda kizuizi."

"Hapana, bwana."

"Utapenda."

Hivyo ndivyo nilivyohamishwa. Nilikaa kwenye kibanda kile cha mabati chini ya Sajenti kwa mwaka mmoja na nusu, nikila ugali wake na kusikia habari za ng'ombe wa baba yake, bila idadi. Lakini jambo moja lilibadilika Nakuru. Karani Mkuu, bila kumwambia mtu, alianza kuandika majina ya watoto kwenye kila kibali badala ya hesabu. Niliona mwandiko wake kwenye karatasi zilizofika kwetu. Hakuwahi kunitajia, nami sikumshukuru kwa mdomo.

Baadaye nilipelekwa Rongai kuandikisha vibarua, nikarudishwa Nakuru, na mwisho wa miaka ile vibali vya safari vikaondolewa. Siku moja vitabu vilikuwa mezani, siku ya pili vimefungwa kwa kamba. Niliendelea kuwa karani wa serikali mpaka nilipostaafu.

Nisiwadanganye nyinyi vijana. Kazi ile ilikuwa ya kuwazuia watu kwenda kwao, na mimi niliifanya. Kabla na baada ya kosa langu, "hapana" nyingi zilipita kwenye mkono wangu kwa mwandiko mzuri. Mzee mmoja wa Njoro aliomba kwenda kumzika kaka yake. Tulimwambia arudi Jumatatu. Alirudi, akaniambia kwa heshima kwamba haina haja tena. Huyo simsahau. Mkinyimwa leo, kasirikeni, ni haki yenu. Ila mkumbuke upande wa pili wa dirisha yuko mtu, na mtu huweza kukosea kuhesabu. Mwulizeni. Mara nyingine hujibu.

Kuhusu Wambui, alirudi kutoka harusini baada ya siku kumi, mimi nikiwa tayari nimehamia kwenye kizuizi. Alishuka kwenye basi na kundi lote, akasimama mbele yangu na pasi yake mkononi. "Karani, leo tuko wangapi?" Nikamwambia, "Taja majina." Akacheka, na tangu siku ile nikawa nausubiri kila ujio wa basi la upande ule. Tulioana vibali vilipoisha, maana alikataa kuomba ruhusa ya kuolewa kwenye dirisha lolote. Alizaa, tukalea, tukahamia Lanet, na katika miaka yote hiyo hakuniruhusu kuhesabu watoto wetu hata mara moja. Mgeni akiuliza, alikuwa akisema, "Msimuulize huyu, hajui hesabu."

Aliniacha mwaka jana, mwezi wa Agosti, asubuhi, chai ikiwa bado mezani.

Baada ya mazishi nilikwenda ofisi ya chifu kuandikisha kifo. Karani alikuwa msichana mpole. Aliandika jina la marehemu, kijiji, umri. Kisha akauliza, "Mzee, ameacha watoto wangapi?"

"Andika majina," nikamwambia.

Nikamtajia mmoja mmoja, kuanzia wa kwanza. Akaandika, akahesabu kwa ncha ya kalamu, akajaza ile nafasi, akanigeuzia karatasi ili nihakikishe. Nikatia sahihi bila kuhesabu.