Redio ya Mzee wa Patsy Ilikuwa Mezani Kwangu

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Naandika polepole kwa sababu shule niliishia ya msingi, na kwa sababu jambo lenyewe ni zito. Jina langu naomba nibaki nalo.

Asubuhi nauza dukani kwa mjomba, hapa Mutsamudu, ndani ya mji wa zamani. Alasiri natengeneza redio za watu kwenye meza ndogo nyuma ya duka. Kazi ya mkono naiweza. Kusema na watu ndiko kunakonishinda. Mtu akinitazama usoni, maneno yananikaukia.

Mzee Bakari alishuka kutoka Patsy na redio yake, inakoroma tu. Aliniambia bintiye Zaina amelazwa hospitali Moroni, kisiwa kingine. Jamaa wa huko wakiwa na neno watalitoa redioni, kwenye matangazo ya mchana, maana kijijini kwao hakuna simu.

Waya ulikuwa umekatika. Nikauunga, redio ikapona. Lakini kabla hajaja kuichukua, aliingia mzungu mmoja, katika wale askari wa kukodiwa walioshika nchi. Redio kaseti yake haikutoa sauti, spika imechanika. Hakupiga kelele. Aliiweka mezani, akalaza na bunduki pembeni, akasema nimalize upesi.

Spika ya kumfaa ilikuwa moja tu, ndani ya redio ya Mzee Bakari. Nikaitoa.

Hapo sijilaumu sana. Nani asingeogopa? Kosa langu linaanzia mzee alipokuja.

"Fundi, tayari?"

Nilitazama chini. "Kesho, bakoko." Ndivyo tunavyowaita wazee wetu.

Akarudi. "Kesho, bakoko." Safari nyingine akanitania mbele ya wateja wa mjomba: "Fundi, redio yangu imeolewa hapa kwako? Mbona hairudi kwao?" Watu wakacheka, nami nikacheka, na nafasi ya kusema ikanipita. Mara ya mwisho nilimwona akija kichochoroni, nikajificha nyuma ya magunia ya mchele. Mjomba akamwambia sipo.

Kisha nikasafiri kwenda Moroni kutafuta spika. Nimesimama dukani, redio ya mwenye duka inasoma matangazo: Mzee Bakari wa Patsy afike Moroni haraka, bintiye hali yake ni mbaya.

Nikajisemea, masikini, atakuwa anasikia sasa hivi. Halafu nikakumbuka redio yake iko mezani kwangu, haina spika.

Nilikimbia bandarini nimpate mtu wa kupeleka habari. Boti ya Mutsamudu ilikuwa imeshaondoka. Nikaenda hospitali, nimwambie Zaina kwamba baba yake hana habari, asimngoje kwa uchungu. Nilifika mlangoni. Ndugu zake walikuwa wengi. Nikaona haya, nikageuka. Hilo limekaa kifuani mpaka leo.

Patsy majirani walisikia. Lakini kila mtu alijua mzee ana redio, wakadhani ameshasafiri. Yeye alikuwa shambani. Siku iliyofuata jirani alikutana naye njiani amebeba kikapu cha karafuu.

"Ah, bado uko hapa? Hukusikia redio?"

Alipofika Moroni, Zaina alikuwa ameshazikwa.

Niliporudi nilipanda Patsy na redio yake, imetiwa spika mpya. Nikamweleza yote, hata magunia. Nilisema nikitazama mkeka. Mkewe aliinuka akaingia ndani.

"Mwanangu, ungeniambia tu," mzee alisema. "Hiyo bunduki hata mimi ningeiogopa."

Hakunitukana. Bora angenitukana.

Nimechoka, ndugu msomaji. Redio bado natengeneza, maana ndiyo kazi niijuayo, lakini kila nikiifungua moja mikono inakuwa mizito. Mjomba anasema nisahau. Yeye hakusimama kwenye ule mlango.

Vijana wenzangu mnaoshika vitu vya watu, mshona nguo, fundi saa, yeyote, nisikilizeni. Kazi ikikwama, usimngoje mwenyewe aje kuuliza. Nenda kwake, mwambie imekwama na kwa nini, hata kama sauti inatetemeka. Atakasirika, labda atakufukuza. Lakini atajipanga, atatafuta njia nyingine.

Mzee Bakari hakuhitaji njia ya mbali. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta ana redio nzima, na angemsikilizia kila mchana.