Mfereji Usio na Kazi

Siku ya kwanza kazini, kwenye karakana ya kukereza vyuma, nilipewa ufagio niondoe mabaki ya chuma, nami nikafagia kwa bidii nikidhani ndio ukerezaji wenyewe. Baadaye wenzangu walihamishiwa Mwanza, Mbeya, hata Dar. Mimi nilihamishwa kutoka mashine ya mlangoni hadi ya dirishani. Meneja akitaja safari tu, kiuno kinauma. Safari ikifutwa, naonekana kwangu mtaani Kasingirima, kwenye kochi langu, nakunywa chai.

Basi teknolojia ikanifuata. Miaka ile wakimbizi Warundi walipokuwa wakishuka ufukoni mwa ziwa kila siku, karakana ilipata mashine ya kukereza inayoongozwa na kompyuta, pamoja na mhandisi kijana, binti mpole. Alikuwa akichora kifaa kwenye skrini kama umbo zima, halafu programu inalikagua yenyewe. Nyuso mbili zikikutana kwa kubonyea ndani, inajua hapo panakatwa. Tundu hulipaka buluu, mfereji nyekundu, kisha huipa mashine amri ya kukata.

Asubuhi moja mwendesha pampu ya maji ya kambi ya wakimbizi, Mrundi, alileta shafti iliyokatika, ule mhimili wa chuma unaoizungusha pampu. Kambi nzima ilikuwa inakunywa maji ya ziwani, na kipindupindu kilishabisha hodi. Chuma cha kukerezea shafti mpya kilibaki kipande kimoja.

"Hamisi," meneja akaniambia, "kikiharibika hiki, utawachotea maji wewe. Kwa kikombe, tena kwa miguu."

Mhandisi akaipima shafti, akaichora kama ilivyo. Rangi zikatokea: ngazi ya kukalia beringi inayobeba shafti, njia ya kii, kile kipande cha chuma kinachoshika gurudumu, na mfereji mwekundu ulioizunguka shafti.

"Mzee, huu mfereji wa kazi gani?" akaniuliza.

"Wa grisi," nikajibu kwa sauti nzito ya fundi mkuu.

"Sasa grisi inaingilia wapi? Programu haijaona tundu lolote."

Nikaanza kulitafuta tundu kwenye skrini.

"Washeni mashine!" meneja akafoka. "Huko watu wanaugua!"

Kidole cha mhandisi kilikuwa juu ya kitufe. Hakubonyeza, alinitazama mimi. Nikaiokota shafti ya zamani, nikapitisha ukucha kwenye mfereji. Kingo zake zilikuwa laini, hakuna alama ya kisu. Nikamgeukia mwendesha pampu.

"Maji yakivuja, ulikuwa unafanyaje?"

"Nakaza ile kamba ya kuzuia maji, inayoizunguka shafti. Yakivuja tena, nakaza tena."

"Na mchanga?"

"Ego, ndiyo mzee. Mchanga wa ziwa, mwingi!"

Hapo sote tukaelewa. Kamba na mchanga vilikuwa vimekula chuma na kuidhoofisha shafti, na programu haijui kovu: mbonyeo ni mbonyeo. Tulikuwa tunaichongea shafti mpya ugonjwa uliomuua mwenzake.

Mhandisi akaufuta mfereji, akabonyeza. Kisu kikakata mpaka kikatulia.

"Na grisi yako je, Mzee?" akauliza.

"Kaipakeni kwangu nyumbani. Kochi langu linalia."

Alasiri bomba la kambi likakohoa tope, kisha likatoa maji.

Sasa nimestaafu, hata safari ya kuumwa kiuno sina. Vijana, kabla ya kunakili kitu, ulizeni: hapa palichongwa, au paliliwa? Mke wangu somo hilo amelishika. Juzi alimwita seremala anakili kochi langu. Fundi akapima, akafika kwenye bonde la katikati, pale ninapokaa.

"Mama, na hili nilichonge?"

"Acha," akasema. "Hilo mzee atalichimba mwenyewe."