Binamu wa Ardis Rudlang

Ardis Rudlang hakuolewa, hakuzaa, na kaka yake pekee alishafariki. Katika mji wao mdogo wa Minnesota, jina la Rudlang lilibaki kwake peke yake, na jambo hilo lilimkaa rohoni. Kwa hiyo mchungaji alipotangaza kwamba kwaya kutoka Norwe inakuja kuimba, na kwamba mmoja wao anaitwa Torbjorn Rudlang, mama wa watu hakungoja hata amina. Alitoka mbio kwenda kununua viazi.

"Utamlisha chapati za viazi mpaka aombe poo," shoga yake Verna alimtania. "Na ukimkumbatia umwachie pumzi, ana kazi ya kuimba."

"Wewe una mabinamu wa kugawa. Niachie wangu mmoja!"

Torbjorn alifika, mzee mrefu mwenye mashavu mekundu na maneno mengi. Kabla ya chakula, Ardis alimpeleka makaburini nyuma ya kanisa, kwenye jiwe la Halvor Rudlang, babu wa baba yake, aliyevuka bahari vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha. Jiwe alikuwa amelisugua tangu asubuhi. Alisimama kando, akingoja kuambiwa Halvor alikuwa mtoto wa nani kule nyumbani.

Torbjorn alivua kofia, akasoma, akakuna kichwa.

"Dada, huyu ndiye Halvor aliyekuwa akijenga kuta za mawe?"

"Ndiye huyo! Hata huku alijenga."

"Kwetu anasimuliwa mpaka leo. Ukuta wake wa kondoo ungali umesimama. Ila hakuwa damu yetu. Alikuja kufanya kibarua."

"Mbona ana jina lenu?"

"Jina ni la shamba. Zamani ukiishi Rudlang, wewe ni Rudlang. Ukihamia shamba jingine, unaliacha hapo na kuchukua la huko. Yeye alipanda meli akitokea kwetu, ndiyo maana akaja nalo."

"Na kabla ya kwenu alikuwa nani?"

"Hapo nakudanganya nikisema najua. Hata wazee wangu hawakujua."

Ardis alikaa juu ya nyasi bila kujali gauni lake zuri. Maisha yake yote alikuwa ameipenda nyumba asiyoijua huko Norwe, akawaombea watu wake kila Krismasi, akiamini kwamba kuna mlango mahali fulani duniani ambapo angebisha hodi afunguliwe kama mtoto wa nyumbani. Iliuma, tena iliuma sana. Torbjorn alimshika mkono akamwinua.

"Nina ombi," Ardis alisema. "Kule mezani, niite binamu. Mara moja tu."

"Hata mara kumi, dada. Nani atatuuliza?"

Basi ukumbini, mbele ya kanisa zima, Torbjorn alipaza sauti yake ya kwaya: "Binamu Ardis! Niongezee chapati!" Watu walicheka, Verna akapiga makofi. Ardis alimwekea mbili, akampakia siagi na sukari kwa mkono wake mwenyewe. Neno hilo alilitamani tangu utotoni, na sasa waliojua kwamba ni la kuazima walikuwa wao wawili tu.

Alimwinamia sikioni.

"Sema tena," alinong'ona.