Chuma Chekundu Nilichomuchagulia Muzee Anaclet

Katika mutaa wetu hapa Bunia, mukaratusi ukianza kuinamia nyumba ya mutu, wanamuita Muzee Anaclet. Miaka ishirini na zaidi anakata miti na mashini yake, na hakuna ukuta hata moja alioangusha. Mbele ya kuwasha mashini anatoa kofia, anaomba, kisha anazunguka muti mara mbili bila kusema na mutu. Watu wanachekaka mwendo ule. Yeye anaendelea tu.

Mwaka huu alianza kufyeka kiwanja cha kanisa, vichaka na miti, bila kuomba malipo. Ni pale tunataka kujenga darasa. Lakini chuma kirefu cha mashini yake, kile munyororo unazungukia, kilikuwa kimekwisha: mufereji wake umepanuka, munyororo unachezacheza. Siye wamama wa kanisa tukakubaliana kumupa kipya siku ya mavuno, wakati watu wanamuletea Mungu zawadi. Wakanituma mimi.

Nilienda kwanza kumuuliza. Akanieleza polepole. Kuko vya chuma kizima, vizito, vinadumu. Kuko vingine vya vibati vitatu vilivyoshikanishwa. Hivyo vikipata moto vinafunguka.

“Mama Bernadette, usiangalie rangi,” akasema. “Sikiliza mukono wako. Kama iko nyepesi, uiache.”

Kwenye soko, Faida anayeuza vyuma aliniwekea viwili juu ya meza. Kimoja kilikuwa cheusi, kimejaa grisi, kimekwaruzwa njiani kutoka Komanda. Kingine kilikuwa chekundu, kinang'aa ndani ya karatasi yake. Nilivipima. Mukono ulisema wazi: cheusi ndicho kizito. Faida naye akasema mafundi wanachukuaka kile cheusi.

Lakini kwetu zawadi ya mavuno haipitishwi ndani ya mufuko. Unaiinua juu ya kichwa, unacheza nayo toka mulangoni mpaka mazabahu, na kanisa lote linaangalia. Nikamuona Mama Clémence wa kundi letu la wamama ndani ya mawazo yangu, akinong'oneza kwamba Bernadette amemuletea Mungu chuma cha zamani. Nikachukua chekundu.

Siku ya Mungu, Jumapili ile ya mavuno, nilicheza nacho vizuri, wakapiga vigelegele. Nilipomupa Muzee Anaclet, mikono yake ilipanda kidogo, kama ya mutu aliyejitayarisha kwa muzigo akakuta hakuna. Aliniangalia mara moja. Akasema aksanti.

Siku ya tatu, katikati ya mukaratusi mukubwa, chuma kilifunguka, munyororo ukaruka, mashini ikakwama ndani ya muti. Na muti ulikuwa unaelekea jiko la pastere, pembeni ya kiwanja. Watu wakakimbia kutoa masufuria. Shemasi Léon, anayesimamia kazi ya kiwanja, akasema mbele ya wote, “Muzee, miaka imekulemea. Achia vijana hii kazi.” Mwingine akaongeza kwamba labda maombi ya leo yalikuwa mafupi. Wakacheka. Mimi nilikuwa pale na sahani ya maharagi mukononi, ninajua kila kitu, nikanyamaza.

Anaclet alichukua shoka. Alikata mpaka alasiri, na muti ukaanguka pale alipoutaka. Hakuna aliyemupigia mikono. Léon akatangaza kwamba miti iliyobaki atawapa wengine.

Nilimufuata Anaclet kwake, nikamuuliza sababu gani hakusema.

“Niseme nini, Mama? Weye ulikuwa umeshaicheza zawadi mbele ya Mungu.”

Akaniomba nisirudie habari ya chuma kile mbele ya watu, isije kuwaletea wamama haya. Hapo ndipo haya iliniuma sana, maana alikuwa analinda jina langu wakati lake limeshaanguka.

Siku ya Mungu iliyofuata, saa ya matangazo, nilisimama. Nikasema namna alivyonionya, namna nilivyochagua rangi, na namna nilivyonyamaza wakati wanamucheka. Mama Clémence aliinamisha kichwa. Léon akasema kwamba yeye pia alikosa, na kwamba kazi ya kiwanja ni ya Muzee Anaclet.

Inje, Anaclet alinisalimia kama kawaida, akauliza wajukuu wanaendelea namna gani. Nilimujibu nikiangalia viatu vyake. Mpaka leo tukikutana, ninaangaliaka viatu.