Glavu Juu ya Rezista

Jumanne, Julai. Manyunyu na baridi.

Asubuhi, kiwandani Ruiru, nilifunga rezista ya breki kwenye mashine ya kufua. Dramu ikipigwa breki, rezista hupokea nguvu yake na kuigeuza joto. Nilichagua kubwa kuliko niliyoambiwa, lakini sijiamini. Mke wangu, anayefanya kazi huko, ndiye hutia mikono kwenye dramu hiyo. Jioni, hapa nyumbani Kamenu, sikukaa chini mpaka akafika.

“Dramu ilisimama?” nikamuuliza.

“Kila mara. Na kile kisanduku chako cha rezista tumeanikia glavu.”

“Kinataka hewa, mama watoto. Kikiungua, dramu itaendelea kuzunguka.”

“Supavaiza wetu wa mchana ndiye alianza, kwa soksi zake.”

Kusema haki, baridi ilikuwa kali, na mimi sikuwaonya. Nikampigia supavaiza wa usiku. Alicheka, lakini akaenda kuziondoa. Githeri tumeila ikiwa imepoa.