Udongo wa Mshika Bendera

Mume wangu alikuwa fundi wa kupaka rangi magari, hapa Sumbawanga mjini. Mikono yake ilikuwa mikubwa, kucha hazikuisha rangi, na watu walishangaa mikono ile ilivyoweza kumpaka askari asiyezidi kidole gumba.

Askari wale wa plastiki tuliachiwa na mhandisi mgeni aliyekuja kwa kazi ya barabara. Alikuwa akileta gari lake gereji, wakazoeana, na alipomaliza mkataba wake akamwachia mume wangu maboksi ya askari ambao hawajapakwa rangi, pamoja na kitabu cha sheria za mchezo. Unawapanga mezani vikosi viwili, unatupa dadu, unasogea, unapiga. Mwenzake wa kucheza alikuwa fundi simu wa sokoni. Walicheza kila Jumapili baada ya misa, juu ya meza yetu ya kulia, na mimi nikala chakula changu jikoni.

Kikosi cha kwanza alikiharibu. Alichukua rangi ya gari, akaichanganya na thina kama alivyozoea kazini, akawapaka. Thina ikala plastiki. Nyuso zikalainika, magoti yakakunjika. Fundi simu alipowaona akasema, "Kaka, hawa wametoka vitani au kilabuni?" Tangu hapo wakaitwa Walevi. Hakuwatupa. Alinunua rangi za maji, akajifunza upya kwa kutazama video kwenye simu, na Walevi wakawa wanasimama nyuma ya jeshi.

Kazi yangu ilikuwa vitako. Kila askari alisimama juu ya kizibo cha soda. Najaza gundi ya mbao, namsimamisha, halafu namwagia udongo kabla gundi haijakauka. Mwanzoni nilitia na punje za ulezi ziwe kama mawe, zikapendeza sana, mpaka panya walipopanda mezani na kula mawe yote.

Udongo wenyewe alikuwa na utaratibu nao. Hakutaka wa uani tu. Akipata mtu anayesafiri alimpa kiberiti kitupu amletee. Wa Mtowisa ulikuwa mweupe, karibu mchanga. Wa Mwazye mwekundu. Wa Laela ulikuwa na weusi kidogo, na aliyeuleta ni dada yake mkubwa, wifi yangu, ambaye anaishi huko. Mchezo ukianza aliwapanga kwa udongo wao. "Hawa wa Mtowisa msiwape makoti," alikuwa akisema, "wamezoea joto, watazimia."

Kifua kilimshika wakati wa baridi, ule upepo wa huku unaoingia hata kwenye blanketi. Hakukaa sana.

Siku ya mazishi tulitupia udongo kaburini, kila mtu konzi yake. Mimi nilitupa, lakini mkono haukufunguka wote. Sikupanga. Niligundua tuko njiani kurudi kwamba bado nimekunja ngumi na udongo umo. Tulipofika nyumbani palikuwa na beseni la maji mlangoni, watu wananawa kabla ya kuingia kama ilivyo desturi. Nilinawa mkono mmoja. Wifi alikuwa nyuma yangu, akaona.

Askari wa mwisho ambaye mume wangu alimpaka alikuwa mshika bendera. Alimpaka koti la bluu, bendera nyeupe na nyekundu, viatu. Macho alikuwa hajayatia. Macho aliyatia mwisho siku zote, kwa ncha ya mwiba wa mchongoma, akiwa amezuia pumzi. Baada ya watu kupungua nyumbani nilichukua kizibo, nikatia gundi, nikamsimamisha, na nikammwagia ule udongo. Sikuwaza vibaya. Niliwaza kwamba kila mmoja ana udongo wa mahali, na huyu hana.

Ndugu walipokaa kikao cha kuondoa msiba, sanduku la askari liliwekwa katikati ya mkeka. Baba mdogo wa marehemu ndiye aliyeongoza. Wifi akamchukua mmoja kwa vidole viwili.

"Wifi, hawa watu ni wa nini?"

"Ni wa mchezo, wifi."

"Mchezo. Mwanaume na ndevu zake."

Fundi simu alikuwepo, nilimwomba aje. Akasema, "Shikamoo dada. Ni kweli. Hata mimi nilikuwa nacheza naye. Nilikuwa nampiga kila Jumapili."

"Marahaba. Ulikuwa unampiga mdogo wangu?"

"Mezani, dada. Kwa dadu."

Baba mdogo akakohoa, nikajua ameficha kicheko. Wifi hakucheka. Aliwageuza askari mmoja mmoja, akitazama vizibo.

"Na huu udongo?"

"Huo ulioushika ni wa Laela," nikasema. "Uliuleta wewe."

Akamweka chini haraka. "Mimi aliniambia unakwenda kupimwa kama unafaa mahindi."

Hilo sikulijua. Nilitaka kucheka, nikaona macho yake yana hofu, nikaacha. Hakuna aliyelitamka neno lenyewe, lakini lilikuwa limeshakaa nasi pale mkekani. Kwetu huku, mjane kukutwa na sanamu za watu, kila moja imesimama juu ya udongo wa mahali fulani, si jambo la kuchekesha. Watu wanahama nyumba zao kwa mambo madogo kuliko hayo. Na mimi nyumba ile ndiyo iliyonibakia.

"Ule wa kaburini uko wapi?" akauliza.

Udongo wa kaburini na wa uani kwangu rangi ni moja. Ningesema niliumwaga bustanini, asingepatikana wa kunibishia. Fundi simu alinitazama kama anayeniombea niseme hivyo.

"Upo," nikasema. "Ni huyu mwenye bendera."

Baba mdogo akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kwa nini?"

"Nilitaka asimame mahali alipo yeye."

Wakazungumza Kifipa kwa haraka. Mwisho baba mdogo akasema udongo urudi ulikotoka, mengine yataishia hapo. Fundi simu akatoa kisu chake kidogo, akajaribu kuukwangua. Gundi ya mbao ikishashika haiachii. Alipokaza, mguu wa askari ukaanza kupinda.

"Acha," nikasema. "Arudi nao, mzima."

Kesho yake asubuhi nilikwenda makaburini na wifi, wawili tu. Nilichimba kwa kijiko upande wa kichwani. Yeye alimshika askari kwenye kiganja, na ndipo alipomtazama vizuri.

"Huyu hana macho."

"Mdogo wako alikuwa hajayamalizia."

Alikaa chini pale pale, kitenge chake kwenye vumbi, akalia kwa sauti ambayo hakuilia siku ya mazishi. Sikujua kama nimguse. Nilimfukia mshika bendera, nikashindilia kwa mkono. Tulipofika nyumbani nilinawa mikono yote miwili, yeye akinimwagia maji.

Jumapili fundi simu huja bado. Kwa sheria za mchezo wao kikosi kisicho na bendera hurudi nyuma mapema, kwa hiyo jeshi la mume wangu linashindwa, na mimi ndiye ninayelisogeza. Nilidhani shauri limekwisha. Juzi wifi amepiga simu. Anakuja, na anawataka wale wa udongo wa Laela. Hakusema kama ni wa kuweka au wa kuchoma, nami niliogopa kuuliza.

Nimewatenga kwenye boksi la viatu, nimewafunga na gazeti wasigongane. Nilipokuwa nawafunga nilimwona mmoja ambaye jicho lake limekwenda pembeni. Siku ile nilimwita mume wangu kula, mwiba ukateleza. Alinilaumu mpaka ugali ukapoa.

Huyo nimemrudisha kabatini. Wifi atauliza kama ni wote, namjua. Nitamwambia si wote.